Majeraha yanayozidi ni ya nani? Mwalimu wa karata anajibu

Mwezi huu barua zimejaa ugomvi wa aina moja. Kiumbe kikubwa kimeshambulia, kidogo kimesimama mbele yake, namba hazikulingana, na kila mtu mezani akageuka mwanasheria. Nimechagua zile zenye swali ndani yake. Zile zenye matusi matupu nimemwachia mhariri.

Kwa anayetusoma mara ya kwanza: tunazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliotungwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993. Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia wa karata ya kiumbe, mna namba mbili: ya kwanza ni nguvu, yaani majeraha ambayo kiumbe kinatia; ya pili ni uvumilivu, yaani majeraha yanayotosha kukiua. Hivyo nikiandika 6/6 mnajua nasema nini. Karata nyingi za hapa Lubumbashi ni za Kifaransa, zimekuja kwenye masanduku ya ndugu waliotoka Ubelgiji, na huko neno la leo limeandikwa *piétinement*. Mimi nitasema kukanyaga, yaani uwezo wa kiumbe kinachoshambulia kumpitishia mchezaji majeraha yanayozidi yale ya kumuua anayekizuia.

Nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na kanuni moja kabla ya barua. Kuna kugawa majeraha, na kuna kuyapokea. Kugawa ni kazi ya mwenye kiumbe, kunafanyika wakati mmoja tu, na kunatazama vitu vichache sana. Karibu kila ugomvi mlioniletea umetokea kwa sababu mtu amegawa mapema mno, au amegawa akitazama mambo ambayo ni ya kupokea.

"Tano zimekuingia, toa"

*Mama Mwalimu, jambo sana. Siku ya posho nilimshambulia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na Colossal Dreadmaw, ile 6/6 yenye kukanyaga. Yeye alikuwa amebaki na uhai 4. Akabloke na Llanowar Elves, ka 1/1. Nikamwambia: tano zimekuingia, toa, umekufa. Akacheka, akatupa Giant Growth juu ya kale ka elfi kake. Mimi nikasema umechelewa, ulishabloke, tano zilishapita. Tukapiga kelele mpaka mama akatunyang'anya karta zote. Nani ana haki? — Mwanafunzi, Kampemba*

Yaya wako ana haki, mwanangu, na ulimpa haki hiyo wewe mwenyewe kwa kutangaza hesabu kabla ya wakati wake.

Tuipange ile zamu polepole. Kwanza ulitangaza anayeshambulia. Kisha yaya akatangaza anayezuia. Hapo hakuna jeraha hata moja lililokwenda popote. Dinosaria wako amesimama, elfi amesimama mbele yake, na kila mmoja wenu ana nafasi ya kutupa karata za papo hapo. Giant Growth ni ya namna hiyo: kwa mana moja ya kijani (mana ndiyo nishati ya kulipia karata) inampa kiumbe +3/+3 mpaka mwisho wa zamu. Elfi akawa 4/4. Ni baada ya nyote wawili kusema "sina kitu tena" ndipo mnaingia hatua ya majeraha, na ndipo wewe unagawa. Unatazama meza ilivyo wakati huo, wala huangalii ilivyokuwa alipozuia. Elfi sasa anahitaji nne ili afe. Umempa nne, zimebaki mbili, hizo mbili zinamwendea yaya. Amebaki na uhai 2, elfi amekufa, na dinosaria wako amepigwa nne lakini anasimama.

Kwenye meza yangu tunahesabu kwa vizibo vya chupa za Simba. Mshambuliaji anachukua vizibo vinavyolingana na nguvu ya kiumbe chake na kuvifumbata. Wewe ungekuwa na sita mkononi. Mkono haufunguliwi mpaka mwenzako aseme hana cha kutupa. Ukifunguliwa, unaweka vizibo juu ya kiumbe kinachozuia, kimojakimoja, kwa sauti, mpaka vifike uvumilivu wake. Vilivyobaki unavisukuma mbele ya mwenzako. Mtoto anayecheza hivi juma moja hasemi tena "tano zimekuingia", kwa sababu anaviona vizibo vyake bado viko ndani ya ngumi.

Sasa nikuoneshe ulichokosa, maana hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Kama nawe ungekuwa na Giant Growth, ungeitupa baada ya ile yake: dinosaria 9/9, elfi 4/4, nne kwa elfi, tano kwa yaya, amekufa kweli. Au kama ungekuwa na karata ya moto, mfano Shock ambayo inatia majeraha 2, ungeitupa kwa kujibu, Giant Growth ikiwa bado haijafanya kazi. Elfi anakufa akiwa 1/1, Giant Growth inakosa wa kumsaidia, na mbele ya dinosaria hakuna mtu. Anayekanyaga akikuta waliomzuia wote wameondoka, anagawa majeraha yake yote kwa mchezaji. Sita, si tano. Hii tano uliyoililia ilikuwa ndogo kuliko uliyoweza kupata.

Ila jihadhari: hilo ni la mwenye kukanyaga peke yake. Kiumbe kisichokanyaga kikishazuiwa kimezuiwa, hata kama aliyekizuia ameshakwenda kaburini kabla ya hatua ya majeraha. Kinasimama pale na nguvu zake zote, na hakimtii mchezaji hata jeraha moja.

Kuhusu mama na karata, huko hakuna kanuni inayofika. Oga, fagia kiwanja, omba msamaha.

Zilizobaki zinapotea wapi?

*Dada Mwalimu, mimi sichezi, nasikiliza tu ugomvi nikiwa jikoni. Mtoto wangu wa kiume ana kiumbe kikubwa cha 7/7. Kila akishambulia, dada yake anaweka mbele kidudu cha 1/1, kidudu kinakufa, na yeye hajapata hata jeraha moja. Mtoto analia: "Sita zimekwenda wapi?" Anasema kwenye Yu-Gi-Oh! haiko hivyo. Je, binti yangu anamwibia mdogo wake? — Mama wa watoto watatu, Bel-Air*

Mama, binti yako hamwibii mtu. Ana akili, mtunze.

Kile kiumbe cha 7/7, kama karata yake haijaandikwa neno la kukanyaga, kinatia majeraha yote saba kwenye kidudu. Zote saba. Kidudu kilihitaji moja, zile sita nyingine zimekipata vilevile, ni kwamba kitu hakifi mara saba. Hakuna kilichopotea njiani, na hakuna cha kumfuata dada mtu. Kutoa mdogo ili kuokoa uhai mwingi ni mbinu ya tangu mwaka 1993, na ndiyo inayompa mwenye karata dhaifu nafasi ya kupumua zamu mbili tatu mpaka apate jibu.

Mwanao naye hakuokota hilo la Yu-Gi-Oh! hewani, ila ameshika nusu. Kule mchezaji anaanza na pointi 8000. Jitu la mashambulizi 2400 likilipiga jitu la 1000 lililosimama kwa kushambulia, tofauti ya 1400 inatoka kwenye pointi za mwenye lile dogo. Hiyo ndiyo nusu anayoikumbuka kutoka kwenye televisheni. Nusu ya pili: jitu likiwa limelazwa kwa kujilinda, linaangamia na mwenyewe hapotezi kitu, isipokuwa karata ya mshambuliaji imesema inatoboa. Na ukilishambulia lililolala, ulinzi wake ukiwa mkubwa kuliko nguvu yako, tofauti inakurudia wewe. Kwa hiyo hata kule dada mtu angelaza kidudu chake na kukaa salama. Wale wa Pokémon wasitoe kicheko: kwao majeraha yanayozidi hayaendi kokote kabisa.

Mwambie kijana aache kulia atafute Rancor, karata ya kijani ya mwaka 1999. Inagharimu mana moja, inambandikia kiumbe +2/+0 pamoja na kukanyaga, na ikitupwa kaburini kutoka mezani inarudi mkononi. Kiumbe chake kitakuwa 9/7. Kidudu kitachukua kizibo kimoja, dada mtu vinane. Hapo nitasubiri barua ya binti.

Wawili mbele ya mmoja

*Mwalimu, siye tuko wanne, tunachezea Kamalondo kila jioni umeme ukiwepo. Mmoja wetu anasema kiumbe kikizuiwa na wawili, mshambuliaji lazima apange foleni: wa kwanza afe ndipo wa pili aguswe. Mwingine anasema hiyo ilifutwa. Tena tulikuwa na 4/4 yenye kukanyaga, ikazuiwa na 2/2 na 3/3. Mwenye nayo akaua ile 2/2, zile mbili zilizobaki akampiga nazo mchezaji. Ni sawa? — Vijana wa Kamalondo*

Maswali mawili, majibu mawili.

Foleni ilikuwepo, imefutwa. Mpaka mwaka 2024 mshambuliaji alikuwa anatangaza mapema nani wa kwanza na nani wa pili, na hakuruhusiwa kumgusa wa pili kabla hajampa wa kwanza majeraha ya kumuua. Toleo la Foundations lilipotoka Novemba 2024, utaratibu huo ukaondolewa. Sasa unasubiri hatua ya majeraha na unagawa kati ya waliokuzuia unavyotaka. Anayemfundisha mwenzake foleni hakuzua. Alisoma kijitabu cha zamani.

Kwa kuwa foleni imekwenda, wengi wamedhani mwenye kukanyaga naye ameachiwa huru. Hapana. Yeye hawezi kupitisha kizibo hata kimoja kwa mchezaji kabla ya kuwapa wote waliomzuia, nasema wote, majeraha ya kutosha kuwaua. Rafiki yenu alikuwa na vizibo vinne. 2/2 inataka viwili, 3/3 inataka vitatu, jumla vitano. Vinne havifiki vitano, basi mchezaji hapati kitu. Angeweza kuua 2/2 na kuweka viwili vilivyobaki kwenye 3/3, au kuua 3/3 na kuweka kimoja kwenye 2/2. Kuruka mmoja na kumfikia mwenye nyumba, haiwezekani.

Angekuwa na 7/7, angeweka viwili, vitatu, na viwili vingine vingepita. Na kama ile 3/3 ilikuwa tayari ina kizibo kimoja juu yake kutokana na moto wa zamu hiyohiyo, ingetosha kuongezewa viwili, na vitatu vingempata mchezaji. Hesabu inaanzia pale majeraha ya awali yalipofikia. Ndiyo sababu nawakataza wanafunzi wangu kuondoa vizibo mezani kabla ya zamu kwisha: majeraha yanafutika mwisho wa zamu, wala si mtu anaposema "nimechoka kuvihesabu".

Mguso wa kifo mbele ya asiyeangamizika

*Jambo Mwalimu. Kiumbe changu 5/5 kinakanyaga, nikakipa pia mguso wa kifo. Mwenzangu wa chumba akazuia na 8/8 isiyoangamizika. Mimi nikampa yule mkubwa jeraha moja na mwenzangu manne. Akasema hapana: kiumbe chake hakiwezi kufa, kwa hiyo hakuna idadi ya kukiua, kwa hiyo majeraha yote matano yanabaki pale. Alivyosema ilinoga, nikanyamaza. — Mwanafunzi, Kasapa*

Barua hii nimeipenda kuliko zote. Mwenzako wa chumba atakuwa wakili mzuri siku moja, na hapa amekosea.

Kanuni namba 702.19, ile ya kukanyaga, inamtaka mshambuliaji atoe kiasi cha kuua, na inamwambia wazi atazame nini anapokadiria: uvumilivu wa anayezuia, majeraha ambayo tayari yako juu yake, na yale anayotiwa wakati huohuo na washambuliaji wengine. Ukiwa na mguso wa kifo, jeraha moja linahesabiwa kuwa linatosha kwa kiumbe chochote, kiwe 1/1 au 20/20. Basi. Haimwulizi kama kiumbe kitakufa kweli. Haimwulizi kama kina kinga, kama kuna malaika amesimama juu yake, kama majeraha yatazuiwa yakifika. Hayo ni mambo ya kupokea, na wewe bado unagawa.

Ulichofanya ni sahihi: moja kwa 8/8, manne kwa mwenzako. Kiumbe chake kinabaki hai kwa sababu hakiangamiziki, na yeye anabaki na uhai pungufu ya manne. Chako kimekufa, maana kimepigwa nane, lakini hilo ulilijua.

Bila mguso wa kifo ungelazimika kumpa nane kwanza ndipo upitishe. Tena nane, wala si "zisizo na mwisho" kama anavyodai yeye. Ungekuwa na 10/10 yenye kukanyaga tu, ungempa nane, mbili zingepita, na yule mkubwa angesimama palepale akikutazama.

Ulinzi dhidi ya rangi ni jambo lilelile. Kiumbe 2/2 chenye ulinzi dhidi ya kijani kinaweza kumzuia dinosaria wa kijani wa 6/6. Unagawa mbili kwake, nne kwa mchezaji. Zile mbili zinayeyuka, kwa kuwa kimelindwa. Zile nne zinaingia, kwa kuwa mchezaji hakulindwa. Watu wanaona ajabu: "Mbona zile mbili zimepotea bure?" Ndiyo, ni ushuru wa kupita.

Ukiwa na kiungo cha uhai pia, unaongeza uhai kwa majeraha yote yaliyotiwa kweli. Kwa mfano wako ungepata matano, pamoja na lile moja la asiyeangamizika, maana alijeruhiwa ingawa hakufa. Kwa mfano wa ulinzi dhidi ya kijani ungepata manne tu.

Pigo maradufu, na hesabu ya kamanda

*Mwalimu, nijibu haraka, tumeweka dau la soda. Kiumbe 4/4 chenye pigo maradufu na kukanyaga kimezuiwa na 3/3. Mchezaji anapata ngapi? Mimi nasema mbili. Pia: kama ni kamanda, zile zilizopita zinaingia kwenye 21? — Mtu wa Katuba*

Anapata tano. Umekosa soda. Pigo la kwanza: tatu kwa anayezuia, moja kwa mchezaji, na anayezuia anakufa papo hapo kabla hajarudisha. Pigo la pili: mbele hakuna mtu, na chako kinakanyaga, basi nne zote. Ulipata mbili kwa kutoa tatu mara mbili, yaani ulimuua maiti. Bila kukanyaga mchezaji angepata sifuri, hata kwenye pigo la pili, kwa sababu nimeshasema: aliyezuiwa amezuiwa.

Geuza upande: kama anayezuia ndiye mwenye uwezo wa kupiga kwanza, nawe huna uwezo huo wala pigo maradufu, na nguvu yake inatosha kukuua, hufiki kwenye kugawa kabisa.

Kamanda: ndiyo. Katika mchezo wa Commander, wa karata 100 na uhai 40, ambao kila mchezaji ana kamanda anayeongoza karata zake, mchezaji aliyepigwa jumla ya majeraha 21 ya vita na kamanda mmoja ametoka. Yanayohesabiwa ni yale yaliyomfikia yeye mwenyewe. Yaliyoishia kwa viumbe wake hayamo.

Barua ya mzee wetu

*Binti yangu, mimi nilijifunza mchezo huu nikisoma Bruxelles, mwaka 2000. Wajukuu wananicheka. Sisi tulikuwa tukigawa majeraha, yanangoja, halafu ninamtoa kiumbe wangu sadaka kwa faida nyingine, na majeraha yake bado yanampiga adui. Wanasema naota. — Mzee, Golf*

Papa, huoti, na wajukuu wakuombe radhi. Kati ya mwaka 1999 na Julai 2009 ndivyo kanuni zilivyokuwa: majeraha yakishagawiwa yalingoja zamu yake kama karata nyingine, na kila mtu aliweza kujibu yakiwa yanangoja. Ulikuwa mchezo wa wajanja. Toleo la Magic 2010 lilipokuja, nafasi hiyo ikazibwa. Sasa majeraha yanagawiwa na kutiwa papo hapo, hakuna mwanya katikati. Ukitaka kumtoa sadaka kiumbe wako, mtoe kabla, na majeraha yake hayatakuwepo. Ile mbinu yako, Papa, wafundishe kama historia, mezani watakukatalia.

Kwa mkupuo

Wawili wa Ruashi wameuliza kama kukanyaga kunafanya kazi kwenye karata za moto. Hakufanyi. Kukanyaga ni neno la vita, na ni la anayeshambulia tu. Hata kiumbe chenye kukanyaga kikiwa ndicho kinachozuia, neno hilo linalala. Moto wa majeraha manne juu ya kiumbe 2/2 unaishia hapo, isipokuwa karata yenyewe imesema vingine. Flame Spill ya mwaka 2020 inasema: inatia manne, na yanayozidi yanamwendea mwenye kiumbe. Ram Through, ya toleo hilohilo, inakwenda mbali zaidi: kiumbe chako kinampiga kiumbe wa adui, na kama chako kina kukanyaga yanayozidi yanampata adui. Soma karata. Yaliyoandikwa kwenye karata ndiyo yanashinda.

Mwingine kutoka mtaa wa Kenya ameuliza kuhusu kumshambulia planeswalker, yaani karata ya msaidizi wa mchezaji, ambaye uhai wake unaitwa uaminifu. Ukimshambulia yeye, na kiumbe chako kikazuiwa, kukanyaga kunapitisha yanayozidi kwa planeswalker uliyemlenga. Hata akiwa amebaki na uaminifu 1 nawe umempitishia sita, mwenye naye haguswi. Kuna Thrasta, Tempest's Roar ya mwaka 2021, iliyoandikiwa ruhusa ya kuwakanyaga mpaka planeswalker wenyewe na kumfikia mwenye nao. Usipokuwa na ruhusa hiyo, chagua lengo lako vizuri mwanzoni.

Je, nalazimika kupitisha?

*Mama Mwalimu, nina 7/7 yenye kukanyaga. Adui ana uhai 9, akazuia na kiumbe 3/3 ambacho kila zamu kinampa karta ya ziada. Kabla ya majeraha akatupa Healing Salve kukinga majeraha 3 yatakayokuja kwa kile kiumbe. Nikagawa tatu kwake na nne kwa adui, kiumbe kikapona, na zamu zilizofuata karta zake zikanimaliza. Nilifikiri kukanyaga kunalazimisha kupitisha yanayozidi. — Mchezaji, Kampemba*

Kukanyaga ni ruhusa, si amri. Kile kiasi cha kuua ni kiwango cha chini unachotakiwa kuweka kwa anayezuia kabla ya kupitisha. Hakuna kiwango cha juu. Ungeweza kumwekea zote saba ukitaka.

Healing Salve haibadili hesabu ya chini. Kinga ni jambo la kupokea, kwa hiyo kanuni bado inasema tatu zinatosha. Lakini kanuni haina macho, wewe unayo. Unajua tatu za kwanza zitamezwa na ile kinga. Weka sita: tatu zinamezwa, tatu zinaua, na moja inamwendea adui. Kama adui angekuwa na uhai 4, ningekuambia achana na kiumbe, tatu na nne, mchezo umekwisha. Akiwa na 9, zile nne ulizomtia zilimwacha na 5 na karata moja zaidi kila zamu. Mimi ningeweka sita pale.